Ukishikwa Mkono: Mbinu Mbili Zinazofanana

(Muziki wa kipindi. Unapungua.)

Hamjambo wasikilizaji wa hapa Mulanda, akina mama mlio kwenye foleni ya maji, wazee wetu mlioketi kivulini, na nyinyi vijana ambao najua mnasikiliza huku mkijifanya hamsikilizi. Wiki hii dada mmoja alituletea swali. Hakutaka jina lake litajwe, nasi hatulitaji. Aliuliza: nikienda kuni jioni, mwanamume akanishika mkono na kunivuta, nifanye nini?

Mimi nilifunzwa karate nikiwa sekondari, kule ng'ambo ya Malaba. Ni karate ya Shotokani, mtindo uliotokana na mwalimu wa shule aitwaye Gichin Funakoshi, aliyezaliwa Okinawa, Japani, mwaka wa 1868. Nitajibu kwa huo ninaoujua.

Katika Shotokani kuna mazoezi yanayoitwa kata. Si ile kata ya kuwekea mtungi kichwani, jamani. Hii ni mfululizo wa hatua ambazo mtu hufanya peke yake, kana kwamba adui yuko mbele yake. Wanafunzi huanza na tano zinazoitwa Heian. Ndani ya Heian ya kwanza na ile ya tatu kuna njia mbili za kujinasua mkono ulioshikwa, na ukitazama haraka utasema ni kitu kimoja. Zote zinaishia kwa tetsui, maana yake nyundo ya chuma: unakunja ngumi na kupiga kwa upande wa kidole kidogo, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Lakini si kitu kimoja, na tofauti yake ndiyo jibu la dada yetu.

Shika kifundo cha mkono wako sasa hivi, hapo ulipo. Vidole vinne viko upande mmoja, kidole gumba kiko peke yake upande wa pili. Hapo gumba linapokutana na vile vingine ndipo penye mlango. Mwanamume awe na nguvu za ng'ombe wa kulima, gumba lake ni moja tu.

Katika Heian ya kwanza unatoka kwa mlango huo ukiwa umemkabili. Unakunja kiwiko, unageuza mkono ili ule upande mwembamba wa kifundo uelekee kwenye gumba lake, kisha unainua ngumi kwa ghafla kuelekea bega lako huku mguu wa mbele ukirudi nyuma kidogo. Wengi huvuta mkono moja kwa moja nyuma, kama watu wanaoshindana kuvuta kamba. Hapo mwenye nguvu nyingi ndiye atakayeshinda. Wewe sogeza kiwiko kumwelekea yeye, ngumi ndiyo ije kwako. Mkono ukishatoka, tayari uko juu, na ile nyundo inashuka yenyewe.

Katika Heian ya tatu mambo ni mengine. Mkono wako umeshikwa ukiwa umenyooka mbele. Huushindanii kabisa. Unaugeuza, unauacha uende nyuma ya kiuno chako, na mwili wote unazunguka kwa mguu mmoja mpaka unatokea ubavuni mwake. Nyundo inatoka kwa mkono ule mwingine, ulio huru. Kinachofanya kazi ni uzito wa mwili wako pamoja na nguvu zake mwenyewe za kukuvuta.

Kwa hivyo swali la kujiuliza ni hili: amesimama, au ananivuta? Aliyekushika na kusimama, akikutisha au akikubembeleza, tumia ya kwanza. Ya tatu inahitaji mtu ambaye tayari anakukokota, kwa sababu bila kuvutwa mzunguko wako hauna nguvu.

Vijana hupenda ile ya tatu. Ni ya kupendeza, inafanana na sinema. Mimi simpendekezei mama wa kambini aanze nayo. Unapozunguka, kuna nukta moja ambapo mgongo wako uko kwake. Na mgongoni, akina mama, ndipo alipo mtoto. Ongeza leso iliyofungwa kiunoni, ongeza matope ya hapa Tororo mvua ikinyesha, na kandambili. Ukumbi tuliofanyia mazoezi ulikuwa na sakafu ya saruji, na hakuna aliyekuwa amebeba kuni.

Tuliopita Busia mwezi wa Januari tunakumbuka msongamano ule, mizigo, baiskeli za boda boda zikipenya katikati ya watu. Mahali kama hapo mtu akikushika, huna hata nafasi ya kuzunguka. Mkono wa kupanda kuelekea begani unahitaji nafasi ya bega tu. Akikushika kwa mikono miwili, ushike ngumi yako kwa mkono wako mwingine na uinue kwa pamoja, njia ni ileile.

Ukishatoka, kimbia ukipiga kelele kuelekea penye watu. Usisimame kuona kama nyundo imemwingia. Na mwenye panga au bunduki akitaka simu au unga, mpe. Karate haina kata ya risasi.

Baadhi ya wazee wameniambia kwamba mafunzo haya yatawafanya wasichana wawe wakaidi. Shikamooni wazee wangu, nawaheshimu. Lakini msichana hakwenda kuni ili ashikwe mkono, na aliyeshika ndiye wa kuulizwa.

Na kama mbinu zote zilishindikana, si kosa lako. Nenda kwa daktari upesi, kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa ndani ya muda huo, na zikianzwa mapema ndivyo bora. Nenda hata kama hujaamua kuripoti polisi. Mwambie mama mmoja unayemwamini akusindikize.

Dada uliyeuliza, jaribu ile ya kwanza na jirani yako leo jioni, mara kumi mkono wa kulia, mara kumi wa kushoto. Mwambie akushike kwa nguvu kweli, asikuonee huruma. Baada ya muziki tutasoma ratiba ya mgao wa chakula.

(Muziki.)