Futari ya Moto Ndani ya Plastiki

(Mazungumzo na vijana wa Malindi baada ya swala ya alasiri)



Ndugu zangu vijana, na nyinyi mama zetu na dada zetu, kila Ramadhani twazungumza juu ya chakula cha futari. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo kinachotiwa futari hiyo.

Mwaka mmoja tulifuturisha watu katika msikiti fulani hapa pwani. Uji ulitoka jikoni ukitokota, tukaumimina kwenye vikombe vyepesi vya plastiki. Vikombe vikalegea mikononi. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, uji huu wanuka plastiki." Tukacheka. Asubuhi tukavikusanya vikombe vile, tukavichoma ubavuni mwa madrasa, watoto wako ndani wasoma huku wakikohoa. Hatukuwa na nia mbaya, ni kutojua. Lakini leo twajua, na ajuaye hana udhuru.

Twajua nini? Plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, kisha hutiwa kemikali za kuilainisha, kuigumisha au kuipa rangi. Baadhi ya kemikali hizo hutoka zikaingia kwenye chakula. Vitu vitatu huzidisha kutoka huko: joto, mafuta na uchachu. Hebu itazameni futari yetu: viazi vya karai vitokapo motoni, mbaazi za nazi, maji ya ukwaju. Vyote vitatu vimo!

Kemikali moja yaitwa bisfenoli A. Hii huiga homoni za mwili. Umoja wa Ulaya uliikataza katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011, Marekani ikafuata 2012, na mwishoni mwa 2024 Ulaya ikaamua iondolewe katika vyombo vya chakula kwa jumla. Tena mwaka 2022 wataalamu wa Uholanzi walipima damu ya watu 22, wakakuta chembe za plastiki katika damu ya 17. Sisemi kwamba kila anywaye maji ya chupa ataugua. Madhara ya chembe hizo bado yanachunguzwa. Nasema tusijitie wenyewe katika hatari tunayoweza kuiepuka.

Basi shikeni haya. Geuzeni chombo mtazame chini, mna pembetatu yenye nambari. Nambari 1 ni chupa za maji na soda: usitie chai wala uji wa moto. Nambari 6 ni vile vikombe na mikebe, pamoja na ile myeupe kama povu: usitie kitu cha moto. Nambari 5 hustahimili joto zaidi, lakini ikishakwaruzika, iache. Na ndoo za rangi au mitungi iliyokuwa na dawa za shamba, hata ukiiosha mara saba, usitie maji ya kunywa.

Na baada ya kula, plastiki yaenda wapi? Ukiichoma, moshi wake una sumu, na ile ya aina ya PVC hutoa dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Ukiitupa, mvua yaipeleka baharini. Mto Sabaki hubeba taka kutoka bara mbali mpaka hapa kwetu. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation hutibu kasa, na wako walioletwa wamemeza plastiki, tumbo limejaa hewa, waelea juu wala hawawezi kuzama kutafuta chakula.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Tarehe 5 Juni 2020 ikakataza plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Lakini je, sisi twangoja askari? Sisi tuliofundishwa kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika imani?

Mtu ataniuliza, "Vyombo vya watu mia tutavitoa wapi?" Zamani futari ya jirani ilipelekwa kwa sahani iliyofunikwa kawa, na sahani ikarudi. Watu mia ni masinia ishirini, watu watano kila sinia. Vikombe vya bati vinunuliwe mara moja kwa mchango, navyo vitadumu Ramadhani nyingi. Kuosha je? Vijana tuko hapa, tupange zamu! Anayenunua bajia sokoni aende na bakuli lake, na kikapu cha ukindu kichukue tende.

Yule mzee wa uji alituambia kweli, sisi tukamcheka. Tusimpe tena aliyefunga kutwa nzima futari yenye thawabu kwetu na madhara kwake.