Mashine Kando ya Kitanda

Leo nataka tuzungumze juu ya kulala usingizi, na hasa juu ya mtu ambaye daktari amempa mashine ya kuvaa usoni kila usiku, naye anaitazama pale kando ya kitanda asijue ataanzaje.

Mnamkumbuka yule kijana Eutiko wa Troa, katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Alikaa dirishani, Paulo akaendelea kunena mpaka usiku wa manane, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka juu. Luka hamlaumu hata kidogo. Anatuambia tu kwamba taa zilikuwa nyingi na mazungumzo yalikuwa marefu. Lakini sisi tukimwona mzee wa kanisa amesinzia kabla somo la kwanza halijaisha, tunagusana viwiko na kucheka, au tunanong'ona kwamba imani yake imepoa. Ni nani amewahi kumwuliza jinsi anavyolala?

Mzee mmoja kando ya Kitale, upande wa Kiminini, alisinzia hivyo kwa miaka mingi. Ni mwalimu mstaafu, naye ameniruhusu kusimulia habari zake mradi nisimtaje jina. Saa 3 usiku alikuwa tayari kitandani, akaamka saa 12 asubuhi, na bado aliinuka amechoka kama mtu aliyekesha akipakia magunia ya mahindi kwenye lori. Kichwa kilimwuma kila asubuhi. Usiku alitoka mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Shinikizo la damu lilikataa kushuka ingawa alimeza dawa bila kukosa. Kisha siku moja walikuwa wakirudi kutoka Bungoma, yeye akiendesha. Walipokwisha kupita Webuye, mkewe alimshika bega kwa nguvu, maana magurudumu ya kushoto yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye majani. Hawakugongana na mtu, tunamshukuru Mungu. Mama yule akamwambia, "Mzee, Jumatatu tunakwenda kwa daktari, na atakayesema ni mimi."

Naye alikuwa na la kusema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisikia. Mkoromo wa mzee ulipanda kama trekta kwenye mlima, halafu ghafla kimya. Mama huhesabu moyoni: moja, mbili, tatu, mpaka 20, pengine mpaka 30. Ndipo mzee hushtuka kwa mguno kama mtu aliyetoka chini ya maji, na mkoromo huanza upya. Mzee mwenyewe hakujua habari hiyo hata kidogo. Hatimaye mama alihamia chumba cha watoto. Jirani walipojua, walidhani kuna ugomvi katika nyumba ile.

Ndugu msikilizaji, jambo hili ni ugonjwa, nao unajulikana vizuri. Ni kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu anapolala, ulimi na nyama laini za kooni hulegea. Kwa wengine hulegea mpaka njia ya hewa inaziba. Kifua kinavuta lakini hewa haipiti, oksijeni katika damu inapungua, na ubongo unamwamsha mtu kwa nukta chache tu ili avute pumzi, kisha anazama tena asikumbuke lolote. Madaktari huhesabu kila mkatiko unaofika nukta 10 au zaidi. Ikiwa ni mara 5 au zaidi kwa saa moja, pamoja na dalili kama hizo, ugonjwa upo. Ikifika mara 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Hebu fikiria mtu anayeamshwa mara 30 kwa saa, usiku kucha, halafu asubuhi mnamkabidhi usukani wa matatu.

Ugonjwa huwapata sana watu wanene na wenye shingo nene, na wanaume kuliko wanawake. Lakini msidanganyike, hata mtu mwembamba huupata, na akina mama waliokwisha kupita umri wa kuzaa huupata pia. Pombe huuzidisha, na kulala chali huuzidisha. Si kila anayekoroma ana ugonjwa huu. Kimya kile cha katikati ndicho cha kuogopa, pamoja na kusinzia mchana.

Basi walianza kwa daktari wa hospitali ya kaunti, akawapa barua ya kwenda mbele, akapimwa usingizi: kibanio kidoleni, mkanda kifuani, mpira mwembamba puani, usiku mmoja. Akarudi nyumbani na mashine. Madaktari huiita kwa herufi za Kiingereza CPAP, nayo hutamkwa "sipapu". Bei yake si mchezo. Fedha zile zingenunua ng'ombe wa maziwa, na watoto wake walichanga.

Mashine hii haina ajabu yoyote ndani yake. Ni feni ndogo inayosukuma hewa ya kawaida, ile ile ya chumbani, kupitia mpira mpaka kwenye barakoa. Hewa ile hushikilia koo lisizibe, kama vile upepo unavyosimamisha mfuko mtupu. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, ndiye aliyeitengeneza mwaka 1980, kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi iliyogeuzwa ili isukume badala ya kuvuta. Habari za wagonjwa wake 5 wa kwanza zilichapishwa mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa shingoni ili apate pa kupumulia. Mtu akilalamika kwamba barakoa inambana, mimi humkumbusha tundu lile.

Hata hivyo malalamiko ni ya kweli. Usiku wa kwanza mzee wetu alivumilia dakika 20. Alisema ni kama kutoa kichwa nje ya dirisha la basi linalokimbia. Usiku wa pili barakoa ilivuja ikampulizia macho. Usiku wa tatu aliamka akakuta ameivua bila kujua, iko sakafuni. Juma lilipokwisha aliiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa. Hapa ndipo wengi wanapoishia, na hapa ndipo ninapotaka kukaa nanyi kidogo.

Kuzoea mashine hii ni kazi ya majuma, na kwa wengine ni ya miezi. Haianzi usiku, huanza mchana. Mkewe aliishusha mashine kutoka kabatini, akamketisha kitini baada ya chai ya saa 10, akasema, "Baba, vaa tu, usilale. Tusikilize redio." Siku za kwanza alivaa barakoa bila kuwasha mashine. Halafu akaiwasha, nusu saa. Halafu alilala nayo kidogo mchana. Mashine nyingi zina namna ya kuanza na hewa ndogo na kuiongeza taratibu mtu akiwa amekwisha kusinzia; hiyo iulizeni, maana wauzaji wengine hawaielezi. Nguvu ya hewa hupimwa kwa sentimita za maji, kati ya 4 na 20, nayo huwekwa na daktari, si jirani.

Barakoa ikivuja, usikimbilie kukaza mikanda mpaka uso uwe na makovu. Mara nyingi ukubwa wake ndio haufai. Iko ya puani tu, iko ya pua na mdomo kwa wale wanaolala mdomo wazi, na ifungwe ukiwa umelala, kwa sababu uso uliolala si sawa na uso uliosimama. Pua ikikauka, kuna kidumu cha maji kinachotia hewa unyevu. Kitieni maji safi yasiyo na chumvichumvi, yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Yakikosekana kwa usiku mmoja, chemsheni maji mkayaache yapoe. Nimesikia mtu akiuliza habari za maji ya betri kutoka kituo cha petroli. Tafadhalini! Mengine yana asidi. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni ya kawaida, na mpira walau mara moja kwa juma, vikaushwe kivulini.

Nanyi wa Kitale mna jambo lenu. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi huuma. Hewa yenye unyevu ikipita katika mpira wenye baridi hugeuka matone, na usiku wa manane mgonjwa hupigwa maji usoni akadhani paa linavuja. Pitisheni mpira chini ya blanketi, na mashine ikae chini kuliko kitanda ili maji yarudi yalikotoka. Bungoma kuna joto kidogo, huko taabu hii ni haba.

Umeme nao ukikatika? Mashine ya namna hii, ukizima kile kipasha moto cha maji, hutumia kama wati 30, zaidi kidogo au pungufu. Kwa saa 8 ni wati 240 za saa. Betri ya sola ya volti 12 yenye alama ya 100 ina wati 1,200 za saa, na ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata usiku 2. Lakini mashine nyingine hutaka volti 12, nyingine 24. Someni maandishi ya chini yake kabla ya kuunganisha waya. Na wale wanaoletewa mashine zilizotumika na watoto walioko Marekani, angalieni: mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziondoa mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake ilikuwa ikimomonyoka na kuingia katika hewa. Zawadi ni njema, lakini itazameni namba yake, na daktari aiweke upya kwa ajili yako wewe. Hewa iliyopimwa kwa mtu mwingine si yako.

Sasa niwaambie lililomtesa mzee kuliko mpira na mikanda. Ni macho ya watu. Tangu mwaka 2020 tumezoea kufikiri kwamba mtu mwenye barakoa na mashine kando yake yuko karibu kuaga dunia. Hata kanisani alisikia swali: mzee wa kanisa anavaa mpira puani, imani iko wapi? Mimi sijawahi kuona mtu akimvua mchungaji miwani kabla hajasoma somo. Tena nakumbuka Elia, alipokimbia amechoka mpaka akaomba kufa chini ya mti. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kazi ilikuja baadaye. Sioni kwa nini Mungu yule yule akasirike kwa feni ndogo inayompa mtumishi wake usingizi.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa tano, mzee alipoitwa matangani Bungoma, kwa ndugu zake. Mnajua matanga yetu. Wanaume hulala nje karibu na moto, au wanane katika chumba kimoja. Ni vivyo hivyo Agosti katika miaka ya tohara, nyumba hujaa wageni hata jikoni. Je, aiache mashine nyumbani? Mkewe aliifunga ndani ya mkoba wake, akaipakata mpaka walipofika. Walimwomba kijana wa ndugu yake, mwenye umeme, awape kona moja. Usiku ule wajukuu walikuja kuchungulia, mmoja akauliza kama Kuka anakwenda mwezini. Mzee akawavisha mmoja mmoja, wakacheka mpaka wakachoka. Kulipokucha hakuna aliyesema habari za kukoroma, jambo ambalo halijatokea katika ukoo ule kwa miaka 20.

Madaktari husema mtu ajitahidi kuvaa usiku mzima, kila usiku, na chini ya saa 4 faida ni ndogo. Mashine yenyewe huandika saa hizo ndani yake, kwa hiyo huwezi kumdanganya daktari. Mzee sasa hufika 6 au 7. Kichwa cha asubuhi kimepona, haja ya usiku imepungua, shinikizo la damu limeanza kutii dawa. Kwa miezi ile ya kuzoea hakushika usukani. Alipanda matatu kama sisi wengine. Na mama amerudi chumbani. Anasema mlio wa mashine ni kama mvua ndogo juu ya majani ya migomba, na asipousikia huamka.

Asubuhi ya kuondoka kule Bungoma, senge yake mmoja, mama mzee sana, alikuja akaketi kando ya kitanda akiitazama mashine. Akauliza, "Mwanangu, hii ni ya kufa?" Mzee akamjibu, "Hapana, Senge, ni ya kulala." Mama yule akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba mwanawe wa tatu, anayeendesha lori la miwa, hukoroma hivyo hivyo, naye hunyamaza hivyo hivyo. Akatoa kipande cha karatasi kwenye leso yake, akaomba aandikiwe pa kwenda kumwona daktari, na siku gani.