Masurufu ya Watoto Baada ya Talaka



Ndugu Waislamu wa Mununga na wa mwambao wote wa Mweru, wanaume kwa wanawake.

Talaka ni jambo la halali ambalo Mwenyezi Mungu halipendi lichezewe, nalo lina adabu zake. Aghalabu watu wa hapa wanazijua: tamko lake, eda yake, na mahari iliyobaki. Lakini likifika jambo la watoto, khabari hukatika. Mume huondoka na nyavu zake, mke hurudi kwa jamaa zake pamoja na wanawe, na wazee waliosuluhisha hutoka msikitini wakisema, "Baba yao atatuma kitu." Kitu gani, kiasi gani, siku gani, hakuna aliyetaja. Mwezi wa kwanza hufika unga wa muhogo na samaki. Mwezi wa pili hufika salamu. Mwezi wa tatu hata salamu hazifiki.

Wajibu wenyewe hauna shaka. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Suratut Talaq, aya ya 6 na ya 7, imeamrisha mwanamke aliyeachwa apewe ujira wake akimnyonyesha mtoto, na kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake. Na Hind binti Utba alipomshtakia Mtume (S.A.W.) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume yanayomtosha yeye na wanawe, kwa wema.

Upo udhuru mmoja unaosikika sana katika nchi hii ya Luapula, kwamba watoto ni wa ukoo wa mama, nao wana mjomba. Ni kweli, desturi ya Washila na ya Wabemba humhesabu mtoto kwa upande wa mama, na mjomba mwema ni neema. Lakini mwenye kuushika udhuru huo baada ya talaka ni yule yule aliyesimama siku ya akika akataka mtoto aitwe kwa jina lake. Nasaba aliidai kwa sharia. Na masurufu ayatoe kwa sharia hiyo hiyo.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawalijui, na akina mama ndio wanaoumia kwa kutolijua. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, masurufu ya mke yasipotolewa hubaki kuwa deni juu ya mume. Ya mtoto siyo hivyo. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba masurufu ya jamaa hupotea siku zake zikipita, wala hayawi deni, isipokuwa kadhi ameyaamuru au ameruhusu yakopwe. Baba aliyeacha kutoa amepata dhambi, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini mama aliyehangaika miaka mitatu peke yake, kwa kuuza chisense sokoni Kashikishi, akija kudai miaka hiyo huenda asikute deni la kudai.

Na kadhi yuko wapi? Zanzibar inayo Mahakama ya Kadhi, ambayo sheria yake ilitungwa upya mwaka 2017; Kenya imeiweka katika Katiba yake ya 2010. Zambia haina. Wazee wa msikiti wanaweza kusuluhisha na kunasihi, lakini hawana mkono wa kumlazimisha mtu. Kwa hiyo mapatano ya msikitini sharti yaandikwe, kisha yapelekwe mahakamani yathibitishwe yawe amri. Zambia ilikuwa na sheria ya matunzo ya watoto ya mwaka 1995, na mahali pake pameshikwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie Bodi ya Msaada wa Kisheria. Sheria ya mwaka 2021 imewatambua pia wasaidizi wa sheria wasio mawakili.

Wapo wanaoona haya kumpeleka Mwislamu mwenzao mbele ya hakimu wa serikali. Haya hiyo haina mahali. Masharti wameyapanga wazazi wenyewe kwa sharia yao, na mahakama inayatia nguvu tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Baqara, inahusu kuandika deni la muda na kuliwekea mashahidi. Ikiwa deni la mfanya biashara huandikwa, je, chakula cha yatima wa talaka?

Karatasi hiyo itaje kila mtoto na tarehe aliyozaliwa, kiasi cha kila mwezi, siku ya kutoa, na njia ya kutuma inayoacha alama, kama fedha za simu. Itaje pia sare na madaftari, kwani ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2022 lakini mtoto haendi darasani uchi. Na itaje ugonjwa. Isiandikwe kwamba mama amesamehe masurufu ili aachiwe watoto. Haki hiyo ni ya mtoto, na mahakama haifungwi na mapatano yanayomdhuru.

La kuangaliwa zaidi hapa ni ziwa. Uvuvi hufungwa tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na mvuvi hana mshahara wa kukatwa. Anayeahidi kiasi kimoja mwaka mzima atavunja ahadi yake mwezi wa Desemba, hata akiwa mwema. Afadhali atoe zaidi miezi ya samaki, sehemu iwekwe akiba kwa ajili ya ile miezi mitatu, au atoe magunia ya muhogo kabla nyavu hazijaanikwa. Na kwa kuwa wengine huvuka kwenda Pweto au Kilwa, upande wa Kongo, ambako amri ya hakimu wa Zambia haimfuati mtu kwa wepesi, atafutwe mdhamini katika ndugu zake walio upande huu, naye atie sahihi. Nakala ziwe nne: ya mama, ya baba, ya mdhamini, na moja ibaki katika sanduku la Jumuiya.