Kodi yetu, hesabu yetu, amani yetu

Hotuba kwa kamati za maendeleo za vijiji na wajumbe wa barza la wazee, Kivu ya Kusini



Mmeniomba niseme juu ya namna wakaaji wanavyoweza kushiriki katika uongozi wa mahali pao. Nitaanza na jambo ambalo kila mama aliyeketi hapa analijua. Siku ya soko, kabla hajauza hata fungu moja la sombe, mtoza kodi anasimama mbele yake. Mama anatoa franga zake. Pengine anapewa kikaratasi, pengine hapewi. Jioni akirudi nyumbani anakuta bariyeri njiani, vijana wenye silaha wamesimama, naye anatoa tena. Mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, hawa wawili wanatofautiana nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninataka kumjibu. Tofauti ya kodi na unyang'anyi si muhuri, wala si nguo ya kazi. Tofauti ni hesabu. Anayetoza kodi anapaswa kurudi mbele ya waliotoa, aseme: tulikusanya hiki, tulifanya hiki, kimebaki hiki. Yule wa bariyeri hatarudi kamwe. Ofisi nayo isiporudi, watu wanaona yote ni mamoja, na kijana anasema moyoni: afadhali nami nisimamishe bariyeri yangu.

Ndugu zangu, sheria ya inchi yetu inatupa haki ya kuuliza. Kifungu cha 3 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinasema kwamba mji, komini, sekta na usultani zinajiongoza zenyewe na kusimamia mali zao zenyewe. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataka kila moja iwe na baraza la washauri waliochaguliwa. Baraza hilo ndilo linalopitisha bajeti na kumkagua kiongozi. Mwami anapata kiti chake kwa mila, na tunamheshimu. Lakini sanduku la usultani si sanduku la nyumba yake. Tena Katiba, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, nayo ikatwe palepale yanapokusanywa. Na katika fungu hilo la jimbo, sheria ya 2008 inatenga 40% kwa miji, komini, sekta na sultani zetu.

Hayo ndiyo maandishi. Matendo tunayajua. Feza zilizoea kupanda Kinshasa na kurudi chache, tena kwa kuchelewa. Mabaraza ya komini yalipigiwa kura Desemba 2023, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta na sultani ziliachwa nje.

Basi, tungoje? Nawaambia hapana, na sababu yangu ni hii.

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi kulikuwa na daraja la miti lililochukuliwa na mvua. Wakaaji wa ng'ambo zote mbili walikubaliana kulijenga upya. Walitoa miti, mawe na nguvu zao, na kila nyumba ikachanga. Simenti ikanunuliwa. Kisha kazi ikasimama, na hakuna aliyesema kwa nini. Muda si muda uvumi ukaanza: "Ni wale wa ng'ambo, simenti yetu imejenga nyumba zao." Mnajua kwamba ng'ambo moja wanasema luga moja na ng'ambo ya pili nyingine. Kwa juma mbili akina mama hawakuvuka kwenda soko. Vijana walianza kulala nje, panga mkononi.

Wazee wa pande zote wakaita mkutano chini ya mti, wakataka daftari lisomwe kwa sauti, mstari kwa mstari. Ilionekana kwamba mifuko 12 ilikuwa ingali ndani ya depo, na mifuko 8 iliuzwa na mtu mmoja wa kamati, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na ng'ambo ile iliyoshtakiwa. Hakupigwa. Alipewa muda wa kulipa, akalipa kidogo kidogo. Siku ile niliona hasira ya watu ikihama kutoka kwa kabila na kwenda kwenye daftari. Penye giza la hesabu, watu hutafuta mwizi kwa jina la kabila. Penye mwanga, mwizi ni mtu mmoja, na anaweza kulipa.

Jambo hili si geni kwetu. Tangu miaka ya 2010, komini za Bukavu, yaani Ibanda, Kadutu na Bagira, zilijaribu bajeti ya kushirikiana: wakaaji waliitwa, hata kwa ujumbe wa simu, wakachagua wenyewe kazi ya kutangulizwa. Mahali raia alipoona kazi imetoka katika kodi yake, alilipa kwa moyo.

Tusichanganye kushiriki na salongo. Wazee wanaikumbuka salongo ya wakati wa Mobutu: mtu alitoa jasho lake, lakini hakuulizwa barabara ipite wapi. Kutoa nguvu bila kutoa sauti si kushiriki.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne. Kwanza, kiasi cha kodi ya soko kiandikwe kwenye ubao sokoni, na asiyepewa kikaratasi asilipe peke yake kimyakimya, amwite jirani ashuhudie. Pili, kila kamati isome daftari lake mbele ya watu mara moja kila miezi mitatu. Tatu, ufunguo wa depo na daftari visikae kwa mtu mmoja, wala kwa kabila moja. Nne, mkutano usiitwe siku ya soko wala saa ya kuteka maji, maana mkutano bila mama ni mkutano wa nusu ya kijiji, tena nusu isiyolipa kodi ya sombe.

Wengine watasema: vita vimetuzunguka. Mwaka wa 2025 tuliona Goma na Bukavu zikitwaliwa, nawe unatuletea mambo ya daftari! Ninaelewa. Daftari halizuii risasi. Na mahali kuuliza kunahatarisha maisha, asiwepo wa kumlazimisha mwenzake aulize. Lakini vita vikipita, kijiji kilichozoea kuhesabiana kitaanza kwa kujenga. Kisichozoea kitaanza kwa kulipiza kisasi.

Mama yule aliyeniuliza angali anauza sombe. Nitakaporudi kwake nataka nimjibu hivi: "Mama, tofauti utaiona siku ofisi itakaposoma hesabu mbele yako." Siku hiyo inaweza kuanza katika kamati zenu, nyinyi mlioketi hapa.