MASIKIO YETU NA KAZI YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Lamu. Tumeyapiga chapa humu kwa ajili ya ndugu zetu wa Faza, Siyu, Kizingitini na Mokowe ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Sisi tuliopewa nafasi ya kusema leo ni wazee wa kazi. Baadhi yetu tuliendesha mashine za mashua kati ya Lamu, Mokowe na kisiwa cha Pate. Baadhi tulipasua mawe Maweni, kisiwani Manda. Wengine tulikuwa mafundi wa mbao. Twajua kwamba mkutano wa chama umezoea kusikia habari za mshahara, za saa za kazi na za ada. Leo twataka kusema juu ya kitu ambacho mfanya kazi hukatwa kila siku, wala hakiandikwi katika karatasi ya mshahara. Kitu hicho ni kusikia kwake.

Tuanze na habari ya mmoja wetu. Miaka kadhaa iliyopita aliletewa habari kwamba dada yake amefariki huko Faza. Akateremka pwani upesi kuuliza mashua. Akaambiwa itaondoka saa sita. Yeye akasikia saa tisa. Akarudi nyumbani, akaswali adhuhuri, akafunga kifurushi chake, akarudi gatini saa nane na nusu akidhani amewahi. Mashua ilikwisha kwenda, kwani nahodha alikuwa akifuata maji ya kupita Mkanda, na maji kujaa hayamngoji mtu. Alipofika Faza kesho yake, dada yake alikwisha zikwa. Watu wa gatini walimwambia, "Mzee, si uliambiwa?" Ndiyo, aliambiwa. Hakuwa mpuuzi wala hakuwa mjinga. Masikio yake ndiyo yaliyompa habari isiyo kweli.

Tazameni maneno hayo mawili, sita na tisa. Herufi zake ni zile zile. Sauti za i na a ni nene na zina nguvu. Sauti za s na t ni nyembamba na nyepesi, kama zilivyo pia f na sh. Sikio lililoharibiwa na kelele au na uzee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba. Hubaki i na a peke yake. Kwa hivyo mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hajui anaambiwa nini. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Nakusikia, lakini sikufahamu." Ndiyo maana tena husikia sauti ya mwanamume kuliko sauti ya mjukuu wao wa kike. Watu wa nyumbani hudhani mzee anachagua la kusikia. Hachagui, ndugu zangu.

Huenda mkauliza, jambo hili hutokeaje? Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, mna kitu kidogo kilichozungushwa kama koa la konokono, kimejaa maji. Humo mna chembe zenye vinywele, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ndogo hata huwezi kuziona kwa macho. Sauti ikiingia, maji hutikisika na vinywele huinama, kama nyasi za bahari mkondo unapopita. Kelele ikiwa kubwa, na ikarudi kila siku miaka na miaka, chembe hizo hufa. Na kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Uzee nao huzipunguza, hata kwa mtu ambaye hakufanya kazi ya kelele. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika watu waliopita umri wa miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kusikia unaowazuia katika maisha yao. Basi mfanya kazi wa mashine hubeba mizigo miwili: ule wa miaka na ule wa kazi.

Sasa tuseme juu ya mlio. Wengi wetu, mashine ikizimwa jioni, tulisikia masikio yakilia. Wakati wa ujana mlio ulikwisha kabla ya alfajiri, tukausahau. Kumbe lilikuwa onyo. Baadaye ulikaa siku mbili, kisha wiki, kisha haukuondoka. Mmoja wetu husikia nyenje usiku kucha. Mwingine husikia mvumo kama wa birika linalochemka. Wale waliomeza kwinini kwa homa ya malaria wataelewa upesi, kwani dawa ile huvumisha masikio. Lakini mvumo wa kwinini kwa kawaida huondoka dawa ikiachwa, na huu wetu hukaa.

Wako wasemao kwamba sikio likilia, mtu anasengenywa mahali. Wako wasemao ni jini. Mmoja wetu alinyamaza miaka mitatu, hata mkewe hakumwambia, kwa kuogopa ataitwa mwenda wazimu. Ndugu, huu si wazimu. Wataalamu wengi waona kwamba ubongo, ukikosa habari kutoka sikioni, huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho akitafuta stesheni ya mbali. Stesheni haipatikani, anachosikia ni mvumo wa redio yenyewe.

Yafaa tuseme kweli: mlio wa namna hii hauna dawa ya kuufuta. Ye yote atakayewauzia mafuta au vidonge akidai utakwisha kwa wiki moja, msimpe fedha zenu. Lakini kusema hauna dawa si kusema hauna msaada. Haya ndiyo tuliyojifunza sisi wenyewe.

Kwanza, nenda hospitali ukaangaliwe ndani ya sikio. Pengine ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa na mambo yakaisha. Usitie njiti ya kiberiti, wala unyoya, wala ufunguo. Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Aspirini nyingi huleta mlio, na baadhi ya sindano, kama streptomaisini iliyotumika kwa kifua kikuu, zaweza kuharibu masikio moja kwa moja. Mtu akipoteza kusikia ghafula, kwa siku moja au mbili, asingoje. Aende siku hiyo hiyo, maana matibabu yana faida zaidi siku za mwanzo. Kadhalika mlio ulio upande mmoja tu, au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au unaokuja na kizunguzungu, usiuache bila kuonyesha.

Pili, usiukimbilie ukimya. Mlio hupata nguvu chumbani pasipo na sauti yo yote. Sisi twalala na feni, au redio iliyopunguzwa sana, au dirisha wazi upande wa bahari. Sauti ndogo ya kawaida huufunika mlio, na baada ya miezi ubongo huuzoea, kama mtu anayekaa karibu na kinu cha kusaga unga asivyokisikia tena. Hasira na kukosa usingizi huuzidisha.

Tatu, tusione haya ya kifaa cha kusikilizia. Mtu akivaa miwani hakuna anayemcheka. Kwa nini acheke kifaa cha sikio? Kifaa hakirudishi masikio ya ujana, lakini husaidia maneno kufika, na kwa wengi wetu mlio nao hupungua kusumbua. Kwetu visiwani unyevu, jasho na hewa ya chumvi hukiharibu, kwa hivyo usiku kifutwe, betri itolewe, kiwekwe katika kopo kavu lenye kifuniko.

Nne, tusiache kukaa na watu. Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Mzee asiyesikia hupitwa na mzaha pale Mkunguni. Watu wacheka, naye hucheka bila kujua sababu. Akisalimiwa kwa nyuma haitikii, na kwetu kutoitikia salamu si jambo dogo, basi huitwa mwenye kiburi. Njiani punda na mikokoteni yaja nyuma yake, watu wakipiga kelele "simile!", na siku hizi pikipiki pia, naye hashtuki mpaka imegusa kanzu yake. Mwishowe aona bora abaki ndani. Huyo hakuondolewa barazani na uzee. Aliondolewa na kelele ya kazi, na kutofahamu kwetu kukamalizia.

Twawaomba vijana na watu wa nyumbani: mkisema na mzee wa namna hii, simameni mbele yake, uso wenu uwe kwenye mwanga, aone midomo. Mguseni bega kwanza. Msipige kelele, kwani ukelele hukoroga maneno, semeni polepole. Asipofahamu mara ya pili, badilisheni maneno badala ya kurudia yale yale. Na zikiwa ni saa, onyesheni kwa vidole. Vidole sita havifanani na vidole tisa. Jambo dogo hilo lingalimfikisha yule ndugu yetu kwenye maziko ya dada yake.

Ndugu wanachama, sasa tuje kwenye haki. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2021, kazi za mashine kubwa zimekuja mlangoni petu. Vijana wengi watafanya kazi katika kelele ambayo baba zao wenye tanga na kasia hawakuijua. Basi wajue sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zasema kwamba mfanya kazi asiwekwe katika kelele iliyopita kipimo cha desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku. Na pale kelele inapoelekea kupita 85, mwajiri lazima awe na mpango: kupima kelele, kutuliza mashine, kufundisha watu, kutoa vizibo vya masikio, kubandika matangazo, na kupima masikio ya wafanya kazi.

Mtasema, sisi hatuna chombo cha kupimia. Kipimo cha maskini ni hiki: ikiwa mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja nawe sharti upaaze sauti akusikie, basi kelele ni kubwa mno. Pamba iliyosokotwa sikioni haitoshi. Ombeni vizibo vya kweli. Lakini kizibo kije mwisho. Mashine itulizwe kwanza, ifunikwe, bomba lake la moshi litengenezwe, na watu wapokezane zamu.

Tena, sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia kwa wanaoumia kazini huhesabu pia magonjwa yaletwayo na kazi. Lakini hapa ndipo sisi wazee tuliposhindwa. Mkono ukikatika, damu huonekana na siku hujulikana. Sikio hufa bila damu. Tulipokwenda kuuliza haki yetu, tuliambiwa, "Ni uzee huo, mzee." Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba tuliingia kazini tukisikia vizuri. Kwa hivyo twaleta shauri hili mbele ya chama: kila mapatano na mwajiri yawe na sharti la kupima masikio mtu anapoanza kazi, kisha kila mwaka, na mfanya kazi apewe nakala yake mwenyewe aiweke nyumbani.

Najua wengi hapa hawana mwajiri. Wana mashua yao au huzamia kamba. Kwao twasema: msiondoe bomba la kupunguza mlio wa mashine ili chombo kisikike chaenda mbio. Pokezaneni usukani. Na mpiga mbizi mwenye mafua asizame. Maji yakimkaza masikio asilazimishe kushuka, apande juu.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yetu sisi yamekwisha kuumia, wala hatudai yarudi. Lakini ya vijana waliokaa nyuma kule mlangoni yangali mazima. Yalindwe leo, wakati wangali wakisikia tunayosema. Nanyi mkitukuta barazani, njoni mbele yetu mtusalimu, tupate kuitikia.

Umoja ni nguvu.