Programu za gumzo na ukuta ulio kati yao

Mtu aliyepiga simu kutoka Muscat kwenda Zanzibar mwaka 2001 hakuhitaji kujua jamaa yake alijiandikisha na kampuni gani ya simu. Alibonyeza nambari, simu ikaita. Mtu huyo huyo alipomwandikia barua pepe nduguye aliyeko Leicester, hakulazimika kuwa na sanduku la barua katika kampuni moja naye. Lakini alipoingia katika mkahawa wa intaneti ili wachati, mambo yalibadilika. Ikiwa yeye alikuwa na Yahoo Messenger na nduguye ana MSN Messenger, walikuwa kama watu waliosimama pande mbili za ukuta mmoja. Wote wako kwenye intaneti, wote wako macho, na hakuna anayemwona mwenzake. Dawa ilikuwa mmoja wao kufungua akaunti upande wa pili, na ndiyo maana watumiaji wengi wa miaka ile walikuwa na majina matatu au manne, kila moja na neno lake la siri, ambalo aghalabu lilisahauliwa.

Makala haya yanaeleza jinsi ukuta huo ulivyojengwa, nani walijaribu kuubomoa, na kwa nini umebaki imara ilhali waliouanzisha wamekwisha kutoweka.

Ifahamike kwanza kwamba ukuta haukutokana na ugumu wa kiufundi. Programu ya gumzo iliyo kwenye kompyuta au simu huunganishwa na seva za kampuni iliyoitengeneza. Seva hizo hutunza orodha ya marafiki wa kila mtumiaji, hujua nani yuko hewani na nani hayupo, na hupokea ujumbe wa huyu na kumfikishia yule. Mazungumzo baina ya programu na seva hufuata kanuni maalumu ziitwazo itifaki, na kila kampuni ilitunga itifaki yake. Kampuni ya Mirabilis ya Israel ilianza na ICQ mnamo Novemba 1996. AOL ya Marekani ikafuata na AIM mwezi Mei 1997, na mwaka uliofuata ikainunua Mirabilis kwa dola milioni 287 taslimu. Yahoo iliingia uwanjani mwaka 1998. Kinachoshangaza ni kwamba kwa miaka kadhaa hata AIM na ICQ, ambazo sasa zilikuwa mali ya bwana mmoja, hazikuweza kupelekeana ujumbe.

Vita vyenyewe vilizuka Julai 1999, Microsoft ilipotoa MSN Messenger. Wahandisi wake walikuwa wameichunguza itifaki ya AOL kwa kutazama tu data iliyopita kati ya programu ya AIM na seva zake, wakaiga. Hivyo mtumiaji wa MSN Messenger aliweza kuandika jina lake la AIM na neno lake la siri, na papo hapo orodha ya marafiki zake wa AOL ikajitokeza ndani ya programu ya Microsoft. AOL ilikasirika. Ilisema kwamba mshindani anaingia katika seva zake bila ruhusa, na kwamba si salama kwa mtumiaji kumkabidhi mtu wa nje neno lake la siri. Microsoft nayo ikajibu kwamba inatetea uhuru wa wateja na viwango vya wazi kwa wote. Maneno hayo yalisikika vizuri, lakini wakati huo huo Microsoft ilikuwa mahakamani mjini Washington ikishtakiwa na serikali kwa kutumia nguvu za Windows kuwakandamiza washindani wake. Waswahili husema nyani haoni kundule.

AOL ikafunga mlango. Microsoft ikabadilisha programu yake, ikaingia tena. AOL ikafunga tena. Mchezo huo uliendelea kwa wiki kadhaa, wakati mwingine mlango ukifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni, na watumiaji wasijue kwa nini marafiki zao wanaonekana leo na kesho hawapo. David Auerbach, aliyekuwa mhandisi kijana wa Microsoft katika timu hiyo, alisimulia miaka 15 baadaye, katika jarida la n+1, jinsi hatimaye AOL ilivyopata silaha ambayo wao hawakuweza kuiiga. Ndani ya programu ya AIM mlikuwa na kasoro ya usalama. Seva ilipoitumia ujumbe mrefu kupita kiasi, maneno yalifurika nje ya nafasi yaliyotengewa katika kumbukumbu ya kompyuta, mfano wa maji yanayomwagika kutoka kikombeni, na yale yaliyofurika yakawa amri ambazo kompyuta ilizitekeleza. AOL ikaitumia kasoro hiyo kama mtihani wa utambulisho. Programu halisi ya AIM ilifurika na kutoa jibu sahihi. Ile ya Microsoft, kwa kuwa haikuwa na kasoro hiyo, haikuwa na la kujibu. Kwa ufupi, kampuni iliyodai kulinda usalama wa wateja wake iliacha tundu katika kompyuta zao ili kumtambua adui.

Upande wa pili haukutoka na mikono safi. Agosti 1999, mtaalamu wa usalama wa kompyuta Richard Smith alipokea barua pepe kutoka kwa mtu aliyejiita Phil Bucking, aliyedai kuwa mshauri wa kujitegemea, ikimweleza habari ya tundu hilo na kumhimiza aitangaze. Smith alipochunguza njia ambayo barua ilipitia, aligundua kwamba ilitoka katika mtandao wa Microsoft yenyewe. Habari iliyokusudiwa kuiaibisha AOL ikawa fedheha ya mwandishi wake. Hatimaye Microsoft iliacha kujaribu, na ukuta ukabaki.

Serikali ya Marekani iliingilia kati, ila kwa mkono mlegevu. Januari 2001, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano iliporidhia AOL kuungana na Time Warner, iliweka sharti kwamba kampuni hiyo isitoe huduma za hali ya juu za gumzo, kama vile za video, kupitia nyaya za Time Warner kabla ya kuwafungulia washindani mlango. Gumzo la kawaida la maandishi, lile ambalo mamilioni walilitumia kila siku, halikuguswa. Agosti 2003 sharti lenyewe likafutwa.

Hapa msikilizaji ana haki ya kuuliza: mbona ujumbe mfupi wa simu ulivuka mipaka ya kampuni na gumzo likashindwa? Nchini Uingereza, hadi mwaka 1999 mteja wa mtandao mmoja wa simu hakuweza kumtumia ujumbe mfupi mteja wa mtandao mwingine. Mitandao ilipounganishwa, ujumbe uliongezeka kwa kasi, na kwa kuwa kila ujumbe ulilipiwa, kila kampuni ilipata faida ukuta ulipoanguka. Gumzo halilipiwi. Mali ya kampuni ya gumzo ni umati wa watu waliomo ndani yake, na mtu hujiunga kwa sababu nduguze wamo tayari. Ukifunguliwa mlango, mtumiaji anaweza kuhamia kwa jirani na bado akawasiliana na ndugu wale wale, na kampuni iliyompoteza haipati hata senti. Ndiyo sababu aliye mkubwa kuliko wote ndiye hung'ang'ania ukuta zaidi. Hata katika fedha za simu hali haikuwa mbali na hiyo. Nchini Tanzania, kampuni za simu zilianza kukubaliana mwaka 2014 kwamba fedha zivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na M-Pesa ya Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote, ilijiunga mwaka 2016. Kenya, ambako M-Pesa ya Safaricom ilitawala soko, ilisubiri hadi mwaka 2018.

Wako waliojaribu njia nyingine. Programu kama Trillian na Gaim zilikusanya akaunti za huduma mbalimbali katika dirisha moja. Ziliondoa kero, lakini mtumiaji bado alihitaji kuwa na akaunti kila mahali, na AOL iliifungia Trillian mlango mara kwa mara katika mwaka 2002. Gaim ililazimika hata kubadilisha jina mwaka 2007 kwa sababu AOL ilidai haki juu ya herufi za AIM. Ikajiita Pidgin, ambalo katika Kiingereza ni jina la lugha ya mchanganyiko izungumzwayo na watu wasio na lugha ya pamoja. Ni vigumu kufikiria jina lililoifaa zaidi.

Jaribio zito zaidi lilitoka kwa Mmarekani Jeremie Miller, ambaye Januari 1999 alitangaza mfumo wa Jabber. Wazo lake lilikuwa kwamba gumzo lifanane na barua pepe. Yeyote aweze kuweka seva yake, iwe chuo kikuu, kampuni au mtu binafsi, na seva zote zielewane. Mwaka 2004 itifaki hiyo ilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti kwa jina la XMPP. Google iliitumia ilipoanzisha Google Talk mwezi Agosti 2005, na Januari 2006 ikafungua mlango kwa seva za wengine. Mwaka huo huo Yahoo na Microsoft ziliunganisha huduma zao mbili, na kwa mara ya kwanza mtu wa Yahoo aliweza kumsalimu mtu wa MSN moja kwa moja. Katika miaka hiyo ilionekana kana kwamba shauri limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Milango iliyofunguliwa kwa hiari ilifungwa kwa hiari. Yahoo na Microsoft zilitengana Desemba 2012. Google ilipoleta Hangouts mwaka 2013, iliacha nje uwezo wa kuzungumza na seva za wengine. Baadaye huduma zenyewe zikafa moja baada ya nyingine: AIM mwezi Desemba 2017, Yahoo Messenger mwezi Julai 2018, ICQ mwezi Juni 2024. Waliokuwa na mazungumzo ya miaka mingi ndani ya Yahoo Messenger walipewa miezi michache ya kuyapakua. Wasiopata habari kwa wakati walipoteza maneno ya watu ambao pengine hawapo tena duniani.

Mahali pao pamechukuliwa kwa sehemu kubwa na WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, wote wawili waliowahi kufanya kazi Yahoo, na kununuliwa na Facebook mwaka 2014. Ndani yake mna itifaki ya Jabber iliyorekebishwa, ile ile iliyobuniwa ili kila mtu aongee na kila mtu, ikitumika katika nyumba iliyozungushiwa ukuta. Tofauti moja ni ya maana, nayo ni kwamba WhatsApp humtambua mtu kwa nambari ya simu, na kitabu cha nambari ni mali ya mwenye simu. Kwa hiyo kuhama si kugumu kama zamani. Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya, watu wengi duniani walipakua Signal na Telegram kwa siku chache tu. Ila makundi hayakuhama nao. Kundi la ukoo, la michango ya harusi na misiba, la waliosoma pamoja, lina watu mia moja wenye umri na simu tofauti, na kuwahamisha wote kwa siku moja ni kazi isiyomalizika. Wengi waliohama walirudi kimyakimya.

Umoja wa Ulaya umeamua kutumia sheria. Chini ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, WhatsApp na Messenger zilitajwa Septemba 2023 kuwa miongoni mwa huduma za walinda lango, na tangu Machi 2024 Meta, ambalo ndilo jina jipya la Facebook, inatakiwa kuwaunganisha washindani wanaoomba. Wajibu ulianza na ujumbe wa mtu kwa mtu, makundi yakapewa miaka miwili tangu Septemba 2023, na simu za sauti na video miaka minne. Novemba 2025 Meta ilitangaza kwamba huduma mbili ndogo, BirdyChat na Haiku, zitakuwa za kwanza kuunganishwa na WhatsApp barani Ulaya, kwa watumiaji watakaochagua wenyewe. Signal na Threema zimekataa. Hoja yao ni usimbaji fiche: ujumbe unaofungwa kwenye simu ya mwandishi na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji pekee ni amana, na huduma inayojali amana hiyo haiwezi kudhamini kitakachofanyika ndani ya programu ya mtu mwingine. Mwaka 1999 hoja ya usalama ilikuwa kwa kiasi kikubwa kisingizio. Leo ina uzito wa kweli, hata kama bado inawafaa pia wakubwa wa soko.

Sheria hiyo inawahusu watumiaji walio katika Umoja wa Ulaya. Mswahili aliyeko Hamburg anaweza kunufaika nayo. Nduguye aliyeko London hapana, kwa kuwa Uingereza ilijitoa katika Umoja huo mwaka 2020, wala aliyeko Muscat au Minneapolis. Katika Falme za Kiarabu kuna ukuta wa pili juu ya ule wa kwanza. Simu za sauti na video za WhatsApp zimekuwa zikizuiliwa huko kwa miaka mingi, na wakaazi huelekezwa kwenye huduma zilizopewa kibali, mojawapo ikiwa BOTIM. Na kwa kuwa BOTIM haizungumzi na WhatsApp, kizuizi cha Dubai huvuka bahari. Bibi aliyeko Malindi, anayetaka kuuona uso wa mjukuu wake, hana budi naye kuiweka programu hiyo katika simu yake isiyo na nafasi, hata kama itambidi kufuta picha za arusi iliyopita ili ipate pa kukaa.