Tuutumie mtandao kuisoma ardhi yetu

Yafuatayo ni maelezo ambayo mwandishi wa makala hii aliyatoa mbele ya walimu wa jiografia na sayansi pamoja na watumishi wa halmashauri. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya ukurasa huu.



Nimeombwa niseme machache juu ya namna mtandao wa intaneti unavyoweza kutumika katika kufundisha sayansi ya dunia na mazingira madarasani. Mimi si mwalimu bali ni mwandishi wa habari, na kwa hiyo sitathubutu kuwafundisha kazi yenu. Nitasema kama mtu aliyepita mikononi mwa walimu, na ambaye bado anajiuliza kwa nini baadhi ya mambo aliyofundishwa utotoni aliyaelewa miaka mingi baadaye.

Nilisoma shule ya msingi katika vilima vya Irangi, Wilaya ya Kondoa. Nyuma ya shule yetu palikuwa na korongo. Kila msimu wa mvua korongo lile liliumega uwanja wetu wa mpira, hata goli la upande wa mashariki likahamishwa mara mbili. Wakati huo huo, ndani ya darasa, tulikuwa tukikariri sababu tano za mmomonyoko wa udongo, tukaziandika katika mtihani, na tukapata alama zote. Hakuna hata mmoja kati yetu, wala mwalimu wetu ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, aliyeonyesha kidole dirishani na kusema: mmomonyoko wenyewe ndio ule pale.

Nilipofika Chuo Kikuu ndipo kwa mara ya kwanza nikaonyeshwa picha ya vilima vya kwetu iliyopigwa na setilaiti. Niliyaona makorongo yametandaa kama mishipa ya jani. Nilifurahi, lakini pia niliona haya. Nilikuwa nimesafiri safari ndefu ya elimu ili nikaonyeshwe kitu kilichokuwa nyuma ya choo cha shule yangu. Haya hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama mbele yenu leo.

Hazina iliyo wazi

Tuanze na vile vilivyopo. Tarehe 23 Julai, 1972, Marekani ilirusha angani setilaiti ya kwanza ya mpango ambao leo unajulikana kwa jina la Landsat. Tangu wakati huo setilaiti za mpango huo, moja baada ya nyingine, zimekuwa zikiizunguka dunia na kuipiga picha ardhi. Mbili za mwisho kurushwa, yaani ya 8 na ya 9, huzunguka katika kimo cha kilometa 705 hivi, na kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16. Kila doa la picha zake ni kipande cha ardhi cha meta 30 kwa meta 30. Mwaka 2008 hazina yote ya picha hizo ilifunguliwa kwa watu wote bila malipo. Nchi za Ulaya nazo, kuanzia mwaka 2015, zimerusha setilaiti za Sentinel-2, ambazo doa lake ni la meta 10, na picha zake pia hutolewa bure.

Aidha, Google Earth inamwezesha mwalimu kuutazama mlima au mto kutoka kila upande, na kuona jinsi mahali palivyobadilika mwaka hadi mwaka tangu 1984. Idara ya Jiolojia ya Marekani huweka katika mtandao orodha na ramani ya matetemeko ya ardhi ya dunia nzima. Mwanafunzi wa Bukoba akiitafuta tarehe 10 Septemba, 2016, atalikuta tetemeko la ukubwa wa 5.9 lililobomoa nyumba za ndugu zake, limeandikwa pamoja na matetemeko ya Chile na Japani.

Ni dhahiri, basi, kwamba vitu ambavyo zamani vilikaa katika makabati ya wataalamu wachache, leo vinafikiwa na mwalimu yeyote mwenye simu. Lakini kuwa na hazina ni jambo moja, na kuitumia kwa manufaa ni jambo jingine.

Mfano wa Kondoa

Naomba nitoe mfano ninaoujua. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua nzito sana: mifugo yote, ambayo idadi yake ilizidi 80,000, iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa, lenye kilometa za mraba 1,256. Katika miaka iliyofuata nyasi na vichaka vilirudi kwenye miteremko iliyokuwa mitupu.

Ziangalieni tarehe hizo, ndugu walimu. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na HADO ikaanza mwaka 1973. Maana yake ni kwamba jicho la angani lilikuwa limekwisha kufunguka kabla ya kazi ile kuanza. Mwalimu wa Dodoma anaweza kuweka mbele ya wanafunzi wake picha ya zamani na picha ya sasa za vilima vile vile, naye asitoe jibu, bali aulize: nini kimebadilika, na kwa nini?

Hapo somo linakuwa sayansi. Mwanafunzi atajifunza kwamba jani lenye afya hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, lakini setilaiti inauona. Katika picha nyingi za aina hiyo mimea hai hupakwa rangi nyekundu. Kwa hiyo mtoto anayeona wekundu mkali hana budi kufahamu kwamba hatazami moto wala udongo, bali anatazama mimea iliyostawi.

Picha peke yake yaweza kudanganya

Hata hivyo, hapa ndipo napenda kutoa tahadhari. Tuseme mwalimu amechukua picha ya mwezi Machi ya mwaka mmoja, na picha ya mwezi Oktoba ya mwaka mwingine. Darasa zima litapiga kelele kwamba nchi imegeuka jangwa. Kumbe hakuna kilichotokea. Sehemu kubwa ya mvua ya Dodoma hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kila Oktoba nchi huwa kavu. Anayetaka kulinganisha kwa haki hana budi kulinganisha mwezi na mwezi wake, tena aulize kama mwaka ule ulikuwa wa mvua nyingi au wa ukame. Mwanafunzi aliyejifunza jambo hilo moja amepata elimu inayomfaa hata nje ya jiografia, kwa maana hatadanganywa kwa urahisi na mtu yeyote anayeleta picha mbili na kupiga kelele.

Hali kadhalika, doa la picha za miaka ya sabini lilikuwa na upana wa meta 80 hivi. Korongo lenye upana wa meta 10 halionekani humo. Njia ya uhakika ya kulijua ni kutoka nje ya darasa na kwenda kulipima kwa kamba. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tukishampeleka mtoto angani kilometa 705, hatuna budi kumrudisha shuleni kwake, asimame kwenye ukingo wa korongo na kamba mkononi.

Na lipo jambo ambalo setilaiti haiwezi kuliona kamwe. Inaonyesha kwamba nyasi zilirudi. Haionyeshi nyumba iliyokosa maziwa baada ya ng'ombe kuondolewa, wala haisemi mifugo ile ilikwenda kulisha ardhi ya nani. Mambo hayo wanayajua wazee. Mwanafunzi aende akawaulize, aandike majibu yao, halafu arudi darasani ajadiliane na wenzake kama hatua ile ilikuwa ya lazima, na kama ingeweza kutekelezwa kwa namna nyingine. Huko ndiko kuelewa mazingira, kwa sababu mazingira ni ardhi pamoja na watu wanaoishi juu yake.

Funzo la Hanang

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Mimi nasema ni mambo ya uhai. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Hanang ni mlima wa asili ya volkeno, na Serikali ililazimika kuwafafanulia wananchi kwamba wataalamu hawakukuta dalili za mlipuko, bali sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua mpaka ikameguka.

Sisemi kwamba picha ya setilaiti ingezuia maafa yale. Nasema kwamba nchi yetu ina miteremko mingi yenye watu chini yake, na kila mteremko una njia ambazo maji yamezipita zamani na yanaweza kuzipita tena. Njia hizo mara nyingi huonekana wazi katika picha kuliko zinavyoonekana kwa mtu aliyesimama bondeni. Mtoto aliyezoea kuzitambua akiwa na miaka kumi na mitano, kesho ndiye mjumbe wa serikali ya kijiji anayegawa viwanja. Ni afadhali awe anajua maji yatapita wapi.

Sababu tunazozitoa

Nimezunguka katika shule kadhaa na nimesikia sababu nyingi za kutofanya haya. Nitazitaja tatu.

Ya kwanza ni kwamba hatuna vifaa. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina kompyuta, na nyingine hazina hata umeme. Lakini somo nililolieleza halihitaji chumba cha kompyuta. Linahitaji picha mbili. Mwalimu anaweza kuzipakua kwa simu yake siku anapokwenda mjini, akazichapisha kwenye karatasi, na karatasi hizo zikatumika miaka kumi. Kwa upande mwingine, nimewahi kuiona shule yenye kompyuta ishirini zilizofunikwa vitambaa na kufungiwa kwa kufuli, kwa hofu kwamba wanafunzi wataziharibu. Kompyuta iliyofungiwa imekwisha haribika tayari.

Ya pili ni lugha. Inasemwa kwamba maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini picha haina lugha. Mteremko ni mteremko, na mto ni mto. Mwalimu anayeweza kueleza kwa Kiswahili fasaha maana ya korongo, tabaka la juu la udongo na kina cha maji, amekwisha kuifanya picha ile iwe ya Kiswahili.

Ya tatu ni mtihani. Walimu wanasema kwamba muhtasari ni mrefu na muda ni mfupi. Nawaelewa. Lakini mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imekazia kujifunza kwa vitendo, na mwanafunzi aliyepima korongo hahitaji kukaririshwa sababu za mmomonyoko.

Ningependa kuongeza kosa moja ambalo si kisingizio, bali ni bidii iliyopotea njia. Zipo shule zinazoutumia mtandao kila siku, lakini kazi ya wanafunzi ni kunakili maelezo kutoka kwenye kioo na kuyahamishia daftarini. Huo ni ubao ule ule wa zamani uliobadilishwa umbo. Kukariri kwa haraka zaidi si maendeleo ya elimu.

Wajibu wetu

Nawageukia sasa ndugu watumishi wa umma. Ofisi zenu za wilaya zina intaneti na mashine za kuchapisha. Afisa elimu akiagiza kila shule ipatiwe picha mbili za eneo lake, ya zamani na ya sasa, gharama yake haitafikia posho ya kikao kimoja. Maafisa wa misitu, wa kilimo na wa maji wanazijua habari za ardhi ya wilaya kuliko kitabu chochote. Waalikwe madarasani, nao wasingoje barua tatu ndipo waje.

Kwenu ninyi walimu ombi langu ni dogo. Kila shule iwe na daftari moja la ardhi yake. Humo yaandikwe kila mwaka kiasi cha mvua, upana wa korongo, kina cha kisima, na idadi ya miti iliyopandwa na iliyopona. Mpango wa GLOBE, ulioanzishwa nchini Marekani mwaka 1994, umekwisha kuonyesha katika nchi zaidi ya 120 kwamba vipimo vinavyochukuliwa na wanafunzi vinaweza kutumiwa na wanasayansi. Watoto wetu nao wasiwe watazamaji wa picha zilizopigwa na wengine. Wawe watu wanaoweza kusema: picha yenu inaonyesha hivi, nasi tumepima, tumekuta hivi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho nilipita katika shule yangu. Lile goli la mashariki halikuhamishwa mara ya tatu, kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kulihamishia. Watoto wanacheza nusu uwanja. Mle darasani, niliposimama dirishani, nilimsikia mtoto mmoja akizitaja sababu tano za mmomonyoko wa udongo, kwa ufasaha, bila kukosea hata moja.